Wasifu wa Milena

Mlio wa king'ora cha hatari ulianza chini, mnene, kama mashine ya kusaga inapowashwa pale kwetu Uwemba, kisha ukapanda na kukataa kushuka. Nilikuwa naosha kabichi. Mwenzangu wa chumba, Milena, alikuwa mezani akinisahihishia tanbihi. Tulisomea uzamivu katika mji wa Balkani uliokatwa na mto, na tasnifu yangu ilihusu wajibu mpya wa muungano wa kijeshi wa Magharibi: ulioundwa ili mwanachama akishambuliwa wote wamtetee, na ambao, hasimu wake alipokwisha kusambaratika, ulikuwa ukitafuta kazi nyingine.

"Mada yako imetufuata nyumbani," alisema Milena, akivaa viatu. Mama yake, mgonjwa wa miguu, aliishi peke yake ng'ambo ya mto. "Nikimshusha ghorofa ya chini ajikinge, narudi. Usiimalize kabichi."

Ndege sikuziona.

Vioo viliingia chumbani kabla ya sauti.

Daraja la kuvukia kwenda ng'ambo halikuwepo tena.

Mwili wa Milena ulipatikana mtoni siku ya tatu. Mama yake alikuwa mzima. Majirani walikuwa wamekwisha kumshusha.

Nilirudi Njombe na mswada. Msimamizi wangu wa pili, profesa katika nchi mojawapo ya muungano huo, aliniandikia nifute kifungu cha daraja: ni ushuhuda, si utafiti, kikibaki, tasnifu haitapokelewa. Kwa miezi miwili nilipima hoja yake kila upande. Huenda alikuwa sahihi. Huenda nilikuwa nalipiza kisasi kwa tanbihi.

Mama ndiye aliyechoka kunitazama. "Umekula naye sahani moja miaka miwili, halafu hujamlilia?"

Akaitisha msiba. Majirani wakaja na unga na kuni, wakajifunika mablanketi ya kuombolezea kwa ajili ya mtu ambaye hawakumjua. Baba mkubwa, katekista mstaafu, alishika wasifu wa marehemu niliouandika, akasoma kuzaliwa kwake na elimu yake, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Hapa umeandika 'alifariki vitani.' Vita havina mikono, binti. Nani alimwua?"

"Ndege, baba mkubwa."

"Za nani?"

Nikaanza kueleza kwamba hakuna mwanachama aliyekuwa ameshambuliwa. Kwamba muungano ulisema unawaokoa watu waliofukuzwa makwao.

"Waliofukuzwa wapo kweli?"

"Wapo. Nimewaandika, sura ya tatu."

"Vema. Na huyu aandikwe."

"Huyu mzee na wasifu wake," alinong'ona shangazi. "Hata Ulaya anataka wajaze mstari wa chanzo cha kifo."

Baba mkubwa akautaja muungano mbele ya waombolezaji wote, kwa sauti ileile aliyotajia malaria na ajali za magari katika misiba mingine. Hakuna aliyeshtuka. Ndipo nilipolia.

Kesho yake nilipanda basi hadi Makambako, kwenye kibanda cha simu cha Mzee Shabani, mwenye malori.

"Ulaya? Sema kwa kifupi, dada. Laini hukatika."

"Yangu ni fupi, mzee."

Profesa aliitikia.

"Kifungu cha daraja kinabaki," nilisema.

Aliniuliza kama naelewa ninachokitupa. Nilijibu kwamba naelewa: miaka mitano, na kazi niliyoahidiwa chuoni. Akanisihi nifikirie tena.

"Nimekwisha kufikiri, Profesa. Kama mtaikataa, ikataeni ikiwa nzima, na jina la Milena likiwamo."

Laini haikukatika. Nikakata mimi.