Ukuta wa Magazeti Pale Mkuyuni

Harufu ya mafuta ya maandazi yakipenya kwenye karatasi ya gazeti ndiyo iliyonifundisha kusoma haraka. Mama yangu alikaanga maandazi sokoni Mkuyuni, na magazeti ya kufungia yaliletwa kwa basi kutoka Morogoro Mjini, yamefungwa marobota kwa kamba ya katani, mengine yakiwa ya miezi mingi nyuma. Kazi yangu, nikiwa darasa la tano, ilikuwa kuyachana vipande. Nilichana polepole kwa makusudi. Kila ukurasa wa burudani niliuchomoa na kuukalia: msanii wa bongo fleva aliyenyoa kiduku, mrembo mwenye gauni lililoburuta mkia mrefu kuliko chumba chetu, mcheza filamu anayelia bila wanja wake kuharibika. Mama alikuwa akinitupia jicho huku akigeuza maandazi. “Zena, leo wateja watafungiwa kwenye viganja?” Nami nachana mbiombio, macho bado yako kwenye mstari wa mwisho.

Masika ya mwaka huo nikaanza kuzibandika zile kurasa nje ya nyumba yetu, kwenye ukuta wa udongo unaotazama njia ya sokoni, chini ya upenu ambapo mvua haikufika. Gundi ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Lakini picha peke yake hazikunitosha. Pembeni yake nilibandika karatasi za daftari nilizoandika habari za kwetu kwa kalamu ya wino: mbuzi wa jirani amezaa watatu kwa mpigo, mwalimu wa hisabati amefundisha kutwa nzima akiwa na soksi za rangi mbili, kuna ndege wa buluu ameonekana kwenye mikarafuu. Watu wakaanza kusimama. Waliokuwa wakishuka na ndizi kutoka milimani walitua mizigo na kuwauliza wanaojua kusoma, “Leo kunasemaje?” Nilikuwa najificha nyuma ya mlango kusikiliza wakicheka. Nakiri nilivimba kichwa. Darasani nilikaa kama mtu mwenye ofisi.

Kule juu ya kijiji aliishi Bi Tatu, mama wa makamo aliyelima mdalasini kwenye shamba la ukoo wa mama yake. Siku moja ya soko, baada ya mvua ya asubuhi, aliteleza kwenye matope mbele ya maduka akaanguka chali, mzigo ukatawanyika mtaroni, na kanga yake ikabaki imening’inia kwenye baiskeli ya mtu. Soko zima liliangua kicheko. Nilikimbia nyumbani, nikatafuta picha ya mnenguaji aliyerusha mguu juu, nikaandika chini yake: “Huyu ni wa Dar es Salaam. Wa kwetu ni Bi Tatu, na yeye hahitaji muziki.” Ukuta wangu haukuwahi kupata watu wengi kama siku ile.

Soko lililofuata Bi Tatu hakuja. Na la pili hakuja. Mdalasini wake uliletwa na binti yake, ambaye alipita mbele ya nyumba yetu bila kugeuza shingo. Mama aliacha unga kwenye beseni, akatoka nje na kusoma karatasi yangu, midomo ikicheza taratibu kwa kila neno. Aliporudi hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

“Ni wewe umeandika?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi kesho utapanda kwake. Peke yako.”

Njia ilikuwa ya utelezi na nilipofika magoti yangu yalikuwa mekundu kwa udongo. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichubua magome ya mdalasini, kisu kikienda juu na chini bila kusita.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Na wewe umeanguka?”

“Mara mbili,” nikasema, kisha nikaanza kulia. Nikamwomba msamaha vipandevipande, kamasi zikinitoka.

Aliniacha nilie hadi nikamaliza. “Uliyoandika ni kweli,” akasema. “Nilianguka. Lakini umeandika pale nilipofikia tu. Hukuandika nilikotoka.” Akanisogezea kigoda kingine. Kutwa ile nilimwona akikwangua ganda la juu, akizungusha kisu, akilivua gome zima bila kulipasua, kisha akilianika lijikunje lenyewe. Alinieleza jinsi anavyoondoka alfajiri na mzigo kichwani, na mito anayovuka kabla ya kuiona barabara. Nilirudi nyumbani vidole vikinukia, nikabandua karatasi ya zamani na kuandika yote hayo. Nilijaza kurasa tatu.

Siku ya soko Bi Tatu alikuja. Alisimama mbele ya ukuta, mzigo ukiwa bado kichwani. “Mimi sikusoma,” akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. “Nisomee.” Nikasoma. Nilipofika kwenye mito mitatu anayovuka, akaninyooshea mkono. “Si mitatu. Minne. Huo mmoja uliouacha unaniumiza kuliko yote, usiniibie.” Watu wakacheka, naye akacheka nao. Nikachukua kalamu nikasahihisha palepale. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga, akimwambia kila anayepita, “Huyo ni wangu.” Tangu siku ile watu walikuja wenyewe kuniletea habari zao, nami nilimsomea kila mmoja yake kabla ya kuibandika.

Sasa naishi Morogoro Mjini na nina ukurasa kwenye simu, ambako naweka wimbo mpya ulionigusa, gauni nililoliona kwenye tamthilia, na vitu vidogo ninavyokutana navyo mtaani. Wanaonifuata ni wengi kuliko soko zima la Mkuyuni, lakini sijui sura zao, na hakuna anayelazimika kutua mzigo ili anisome. Mtu anaweza kuchekwa na nchi nzima bila kumjua aliyemwandika. Mimi sikubali kwenda hivyo. Mwezi uliopita nilikutana na msusi aliyeiga mtindo wa nywele kutoka kwenye video kwa kuutazama tu, mpaka wateja wakaanza kumpangia foleni. Nikampiga picha, nikaandika, na kabla ya kuiweka hewani nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, akatoa kitana mdomoni.

“Hapo ongeza kwamba sikufundishwa na mtu,” akasema.

Nikaongeza.