Pombe ya Walimaji

"Chungu kizima, baba watoto? Pombe ya kuwaitia majirani waje kutulimia leo, umeimaliza peke yako?"

Mke wa jirani yangu mhunzi alikuwa analia. Mhunzi akafuta mdomo wa kibuyu alichonywea kwa kidole gumba, polepole, kama anayemfuta mtoto kamasi. Alipumua tu, jogoo wangu akalewa, akawika mchana kutwa, bisheni mkitaka. Mikono ile iliyofua majembe magumu kuliko ya Mwingereza, sasa ilikumbatia kibuyu kitupu.

"Nilionja tu, mama watoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Ulionja mpaka chini! Mvua hiyo imefika, nani atatulimia bure? Watoto watakula nini?"

Akafungua mdomo ajibu. Jirani Wilibrodi akaingia, jembe begani, na nyuma yake walimaji wote, wakiimba.