Miti ya Mashine

Jirani wa Aidah katika kijiji cha Manibe ni mama mwenye sauti ndogo na viganja vilivyokauka kama ganda la muhogo. Kila kiangazi, kabla watu hawajaanza kuchoma nyasi, hulima ukanda mtupu kuzunguka mikaratusi yake, akisimama tu kukaza kitenge kiunoni. Aliipanda ili siku moja aiuze kama nguzo, anunue mashine ya kusaga, aache kubeba mihogo kichwani hadi mjini Arua kuisagisha. Watu walimcheka kwa kulima mahali asipopanda kitu. Naye hujibu vilevile kila mwaka: "Moto iko na miguu. Mimi niko na jembe."

Mwaka wa tano tangu aipande, moto ulikuja kweli, upepo ukiusukuma. Aidah alishtuka kuisikia sauti ile ndogo ikipaa: "Majirani! Kuja na matawi mbichi!" Wakaja mbio, hata waliokuwa wakimcheka. Moto ulipofika kwenye ukanda ulinywea kwa kukosa cha kula, na cheche zilizoruka wakazipiga mpaka zikafa. Safu moja tu ya miti iliungua.

"Sasa uza, mama," Aidah akamwambia akihema. "Unangoja nini tena?"

Mama akaukumbatia mti mmoja, akapima unene wake kwa mikono.

"Bado iko nyembamba. Miaka mbili tu."

Kisha akawatazama majirani waliojaa majivu, akaketi chini, akalia kama mtoto. Aidah akachuchumaa kando yake, akamfuta masizi usoni polepole.