Siku Nilipoing'oa Taa Nyekundu

Naona aibu kuyaandika haya, lakini kwa kuwa Muleba nzima inayajua tayari, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake (eti gari liliwaka moto, eti nililia), heri niyaseme mwenyewe, maana ukweli wenyewe ni mbaya vya kutosha.

Tata, yaani baba yangu, alikuwa na Pijo, pikapu aliyoinunua miaka ile kahawa ilipokuwa kahawa, na tangu siasa ya ujamaa ipambe moto aliiita "gari letu sote" akiwa mkutanoni na "gari langu" akiwa nyumbani. Ijumaa, ikiwa imebaki siku moja dada yangu Koku aolewe Kamachumu, lile gari likaanza kuwasha taa nyekundu pale mbele ya dereva, ile ya chaji, na taa zake kubwa zikafifia zikawa rangi ya mkojo. Fundi yuko Bukoba mjini. Nyumbani kuna nani? Kuna mimi, kidato cha pili, fizikia nimepata D, siri ambayo tata hakuijua.

"Deo," akasema, "wewe si ndiye unayesoma habari za umeme? Kesho sitaki kuiona hiyo taa."

Koku alikuwa anasukwa nywele, akaniita karibu. "Wale wa Kamachumu wanatuona sisi wa bondeni washamba. Nakuomba kitu kimoja tu, Deo. Nisichekwe."

Nikamwambia atulie, yuko mikononi mwa mtaalamu.

Basi nikafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu mweupe, nikavimwagia maji ya moto, nikavikwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi (mama alikitafuta mpaka jioni), nikavikaza, tata akawasha, na taa nyekundu ikanitazama vilevile. Nikashika mkanda unaozungusha oltaneta, ile mashine inayoichaji betri injini ikizunguka, nikaubonyeza kwa kidole, ukazama kama godoro la nyasi. Hapo hata D yangu ilitosha kujua kwamba mkanda umelegea. Lakini kuukaza kunataka spana, na spana yetu alikuwa ameiazima balozi wa nyumba kumi kwa ajili ya baiskeli yake, na balozi alikuwa mkutanoni, na mkutano wa balozi huisha balozi akichoka kusema, na balozi hachoki.

Nikakaa kwenye kiti cha dereva nikaitafakari kauli ya tata. Hakusema tengeneza chaji. Alisema hataki kuiona taa. Nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, nikaing'oa balbu.

Tata akawasha, akachungulia, giza tupu. Akanipiga bega. "Kumbe shule inakuingia." Mama akaniwekea ini la mbuzi wa harusi, nami nikalila lote bila hata kuona haya.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulivyokuwa na mizizi. Ile balbu si pambo. Umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoiamsha oltaneta ianze kazi, kwa hiyo mpaka Ijumaa betri ilikuwa inapata chaji kidogo, nikaja mimi kuhakikisha haipati kabisa. (Haya alinieleza baadaye mwalimu wangu wa fizikia, kwa furaha ambayo sikuona ulazima wake.)

Jumamosi baada ya misa tukampakia Koku mbele, shela mpaka kidevuni, kabanwa kati ya tata na shangazi, sisi wengine tukajazana nyuma, tukaanza kuupanda mlima wa Kamachumu huku tata akipiga honi kwa kila mgomba. Ukungu ukashuka na manyunyu yake, tata akawasha taa na waipa. Honi ikaanza kukohoa, ikawa mbuzi mwenye mafua, waipa zikasimama katikati ya kioo, injini ikacheua mara mbili ikanyamaza. Mlimani katikati.

"Tuliache lirudi nyuma kidogo," tata akasema, "nitalishtua kwa rivasi."

"Lirudi wapi?" Shangazi huyo. "Mwali akishatoka kwao harudi nyuma, hata unyayo mmoja. Unataka aachike kabla hajafika?"

"Basi ashuke, tupunguze uzito."

"Na hashuki. Mguu wake utakanyaga uwanja wa mumewe, si tope la barabarani."

Kurudi hapana, kushuka hapana. Balozi, tai shingoni, akaruka chini. "Ndugu wananchi, ujamaa ni vitendo."

Tukasukuma. Suti zikasukuma, kanzu zikasukuma, viatu vikabaki topeni vikiwasubiri wenyewe, na tata kule kwenye usukani anarudia jambo lilelile: "Lakini taa haikuwaka. Ingekuwa chaji, taa ingewaka." Aliporudia tena nikashindwa, uchovu nao hulegeza ulimi.

"Haikuwaka kwa sababu niliing'oa."

Watu wote wakaacha kusukuma ili wanitazame vizuri, gari likaanza kurudi nyuma, shangazi akapiga yowe, tukalirukia. Tata hakunipiga, mikono yake ilikuwa na kazi. Alisema tu, "Deo. Hamia pale kwenye ekzosi."

Wa upande wa bwana harusi, waliokuwa wakisikiliza mlio wa gari wakasikia nyimbo na kuhema, wakateremka kutupokea na miavuli yao.

"Mmetuletea bibi harusi au gari bovu?"

"Vyote viwili," akajibu balozi.

Walicheka mpaka miavuli ikajifunga yenyewe. Kisha wakasukuma nao, Koku akaingia uwanjani kwa mumewe bila injini, akashuka shingo imenyooka, na kabla ya chakula kuiva bibi wa bwana harusi alikuwa ameshampa jina jipya la pale nyumbani: Msukuma. Mhaya mtupu, ubatizo na ukoo, leo Kamachumu nzima inamwita Msukuma, na wageni humuuliza kwao ni Mwanza upande gani.

Nimeapa sitagusa tena gari la mtu, na taa nyekundu yoyote nitakayoiona maishani nitaiacha iseme inachotaka kusema. Likizo iliyopita nilipanda kwenda kumwomba dada radhi, nikasimama mlangoni nikitafuta pa kuanzia. Koku akanitazama kutoka jikoni.

"Ingia," akasema. "Siku hizi nasalimiwa Kisukuma, na sijui la kuitikia."