Mtani Aliyetoa Pole

Baba yangu alizikwa bila kutaniwa, na hilo mama hakulisamehe.

Kwa asiye na watani, nieleze. Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za misafara, walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya watu mabegani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Msibani kwako anaingia akicheka. Anavaa kofia ya marehemu, anakalia kiti chake, anamwigiza anavyotembea, anasema marehemu kafa kwa uvivu wa kupumua. Wafiwa hawaruhusiwi kununa. Wanacheka huku kamasi zinawatoka, na baada ya hapo angalau wanaweza kula.

Baba alikuwa na duka la makufuli na bawaba Kariakoo, duka jembamba ambalo wateja wawili wakiingia, wa tatu anasubiri barazani. Mteja akitaja bei ya kipuuzi, baba hakubishana naye. Aliinua macho darini, akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kisha akaanza kupanga makufuli kana kwamba mtu yule keshaondoka. Kile kikohozi kilikuwa maarufu mtaa mzima. Wateja wengine walipandisha bei wenyewe kabla hakijawafikia.

Mbele ya duka hilo ndipo mtani wetu alipoanzia maisha ya mjini, akiuza viatu vya mtumba juu ya turubai, miaka mingi kabla uchekeshaji haujampa jina. Kila asubuhi ilikuwa hivi hivi.

"Shikamoo, mtumwa wangu," anamwambia baba.

"Marahaba, mpagazi. Mzigo umeuacha wapi?"

Mimi nilikulia katikati ya maneno hayo. Nikiwa mchekeshaji leo, msinitafutie mwalimu mwingine.

Baba alipofariki, mtani wetu alikuwa kwao Tabora, kwenye harusi ya dada yake. Sisi Waislamu hatukai na maiti, tukazika kesho yake mchana. Hapo hana kosa. Mtani anaweza kuja baadaye, hata siku ya arobaini, na akija deni lake linalipika. Kosa lake lilikuwa lingine kabisa. Alimtumia mama ujumbe kwenye simu. Mama hakuwa na miwani karibu, akanipa mimi nisome. "Nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za msiba huu mzito. Poleni sana wanafamilia. Mwenyezi Mungu awape subira."

Mama aliniangalia kana kwamba nimeyatunga mimi.

"Kaandika mwenyewe? Au kaandikiwa?"

"Mwenyewe, mama."

"Basi huyo si mtani tena," akasema. "Huyo ni jirani."

Arobaini ikapita, hakuonekana. Mama akakaa eda yake Magomeni, ndani ya nyumba yetu, na katika siku zote zile sikumsikia akicheka wala kulia. Alipika, aliswali, aliwafokea wapangaji kuhusu maji. Nilikuwa nikimwangalia na kuogopa. Kuna kitu kilikuwa kimefungwa ndani yake, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa amejigeuza karani wa rambirambi. Nilimchukia yule mtu, nasema wazi.

Na ndiye niliyetakiwa kukaa naye meza moja.

Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kimeanzisha kipindi cha chemsha bongo cha wachekeshaji, kwa mfano wa kipindi cha Uingereza. Mwongozaji wetu, dada wa Kihindi aliyezaliwa na kukulia Upanga, alitukusanya sebuleni kwake atuonyeshe kwenye televisheni wenzetu wanavyofanya. Wachekeshaji wanne wa Kiingereza nyuma ya meza ndefu, wawili upande huu, wawili upande ule, na mwenyekiti katikati. Anauliza swali kuhusu habari za wiki. Hakuna anayejibu. Badala yake wanashambuliana: huyu upara, huyu unene, yule filamu yake iliyomwaibisha. Mwenyekiti anagawa alama anavyotaka, na hakuna anayelalamika kuibiwa. Mmoja alichokozwa kuhusu talaka yake ambayo bado ilikuwa ya moto. Akainamisha kichwa akaitazama meza. Sebule nzima tukajua huyu sasa atanyanyuka aondoke. Kisha, bila kuinua kichwa, akajibu kwa sauti ndogo jambo kuhusu mama mkwe wake, na watu wakaangua kicheko mpaka mwenyekiti akashika mbavu.

"Mnaona?" mwongozaji akasema. "Hakuna anayenuna. Hicho ndicho ninachokitaka."

Mimi niligeuka nimwambie mtani wangu kwamba kumbe Waingereza nao wana watani, sema tu hawajui ni kabila gani na gani. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Nikakumbuka ule ujumbe, nikakifunga.

Tukaanza kurekodi, na mambo yakawa mabaya. Yeye alikaa upande wa pili wa meza, ananiangalia kwa upole, ananiita dada yangu. Nikikosea jibu anasema, "Amejitahidi." Mtu ambaye aliwahi kuniambia mbele ya umati kwamba nina sura ya kufuli lililopotelewa na ufunguo! Watazamaji walikohoa, wakachezea simu. Baada ya kipindi cha tatu mwongozaji alituita pembeni sisi wawili.

"Nyinyi mnanipa kikao cha harusi," alisema. "Nimewachukua kwa sababu niliambiwa mkikutana moto unawaka. Moto uko wapi? Rekodi ijayo nikikosa, mmoja wenu namtoa. Sitaki kusema yupi."

Hakuwa na haja ya kusema. Yeye alikuwa na jina, mimi nilikuwa na kiti tu.

Nilimweleza mama. Eda yake ilikuwa imekwisha wiki ile ile. Nilidhani atasema tafuta kazi ya maana. Akauliza rekodi ni lini.

"Alhamisi. Kwa nini?"

"Nitakuja. Nataka nimwone huyo jirani."

Usingizi ukaniruka kuanzia siku hiyo. Mama hakuwahi kuja kuniangalia hata mara moja. Na namjua mama yangu: akiamua kumpa mtu vidonge vyake, hachagui mahali, kamera haziwezi kumzuia.

Tulirekodia kwenye ukumbi wa ghorofani Kariakoo, juu ya maduka ya mapazia. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya vipaza sauti vya wauzaji chini, vinavyorudia tangazo lile lile kutwa nzima, na hata hivyo sauti zilipenya. Joto lilikuwa la kupikia wali. Mama alikaa safu ya mbele kabisa, katika baibui lake jeusi, mkoba mapajani, mikono juu ya mkoba. Mtani wangu alipotoka nyuma ya pazia na kumwona, alisimama. Kisha akaja akainama kidogo mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu. "Karibu."

Karibu! Kama anavyomkaribisha mtu wa kusoma mita ya umeme. Niliona jasho jembamba likimtoka yule bwana kabla taa hazijawashwa. Akaenda kukaa, akanywa maji, akamwaga mengine shatini.

Raundi ya kwanza ilikufa. Ya pili ikafuata. Mwongozaji alikuwa amesimama kando ya kamera, mikono kifuani, na nikajua ananihesabia. Nilijaribu kumchokoza mtani wangu kuhusu suti yake. Akasema asante. Nilitamani kumrushia glasi.

Ndipo mwenyekiti akauliza: wafanyabiashara wa sokoni wiki hii wamelalamikia nini? Nikabonyeza kengele haraka, nikasema wamelalamikia wateja wanaotaja bei kama wanaomba sadaka. Wachache wakacheka. Mwenyekiti akasema si hilo, akageukia upande wa pili.

Mtani wangu alikuwa anamtazama mama. Kisha akainua macho kidogo na kukohoa, mara mbili, kikavu.

Nywele zilinisimama. Kilikuwa ni kikohozi cha baba pale mezani, kimetoka kwenye kifua cha mtu mwingine.

Akasimama. Akaweka mikono nyuma, akatoa tumbo ambalo hana, akaanza kutembea mwendo wa baba mbele ya kamera, ule wa kukokota kandambili.

"Nilikuwa na mtumwa wangu hapo chini," akasema. "Mzaramo mmoja mvivu. Anauza makufuli. Juzi nimekwenda harusini, geuza shingo, kafa! Na kaondoka na funguo zote. Makufuli katuachia. Ndiyo kazi ya Wazaramo hiyo, anafunga mlango, anaenda zake, wenzake tumebaki nje." Akakohoa tena. Safari hii sauti ilimvunjika katikati. "Mtumwa gani anaondoka bila ruhusa? Hata hakunisubiri."

Hakuna aliyecheka. Ukumbi wote ulikuwa unajua baba yangu amefariki, maana nilikuwa nimelisema mwenyewe kwenye kipindi cha kwanza. Mtu nyuma akasema, "Astaghfirullah." Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Mimi nilitakiwa kujibu. Ndiyo kazi yangu, ndiyo haki yangu, na majibu nilikuwa nayo tele. Lakini nilikuwa na hasira naye na nilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na sikuthubutu kugeuza kichwa kumwangalia mama.

"Zima!" mwongozaji akapiga kelele. "Zimeni zote."

Taa nyekundu za kamera zikazimika. Akaja mpaka mezani, uso umemwiva.

"Mimi ni mtoto wa hapa hapa, utani naujua," alimwambia. "Lakini mama wa watu ana msiba na amekaa mbele yako. Nilitaka moto, sikutaka hivi. Muombe radhi. Muombe yeye, muombe na binti yake, halafu tutairudia hii sehemu kwa ustaarabu."

Simlaumu. Alisema ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelisema. Lakini mimi niliogopa, maana nilijua kitakachofuata. Mtani akishaomba radhi kwa utani wa msibani, amekiri kwamba hakuwa na haki nao. Ule ujumbe wa pole ungeweza kusamehewa kama upumbavu wa mtu aliyechanganyikiwa. Radhi mbele ya ukumbi isingefutika. Baba angebaki amezikwa na majirani.

Mtani wangu alisimama pale na mikono bado iko nyuma, kama amesahau kuirudisha. Akamwangalia mwongozaji. Akaniangalia mimi. Nilitikisa kichwa, lakini sina hakika kama aliona. Akamgeukia mama, midomo inamcheza.

"Mama," akaanza. "Mimi naomba..."

"Usithubutu," mama akasema.

Alikuwa amesimama. Mkoba ulianguka chini na hakuuokota. Akaja kuelekea mezani taratibu, akiruka nyaya za taa moja moja, na watu wakampisha. Yule mwanamke aliyeziba mdomo akafumba na macho. Hata mimi ninayemjua nilidhani anakwenda kumzaba kibao.

Akasimama mbele yake. Mama ni mfupi, ilibidi ainue uso.

"Mpagazi," akamwambia. "Umechelewa. Mzigo tulishauzika."

Nilisikia kitu kama kwikwi. Kilitoka kwa mtani wangu. Alikuwa anacheka na machozi yanamshuka mpaka kwenye kola ya ile suti, anajipangusa kwa kiganja kama mtoto.

"Nilishindwa, mama," alisema. "Kila nikija njiani, nikifika pale dukani nageuka. Kumcheka nilishindwa."

"Sasa umeweza?"

"Sijui."

"Hujaweza. Umekosea." Mama akamshika kidevu, akamwinua uso mpaka macho yakatazama dari. Ndipo nilipoona kwamba mashavu yake yamelowa, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu msiba mdomo wake unavutika pembeni, ule upande anaochekea. "Alikuwa anaangalia juu kwanza. Muda mrefu. Mpaka mteja aone aibu. Halafu ndiyo anakohoa."

Mwongozaji alikuwa amesimama, vipokea sauti vimemning'inia shingoni. Mpiga picha mmoja akamnong'oneza kama awashe kamera. Akatikisa kichwa kukataa.

"Rudia," mama akasema.

Mtani wangu akatazama juu, muda mrefu. Chini barabarani kipaza sauti kilikuwa kinatangaza mashuka. Kisha akakohoa, mara mbili.

Mama alifumba macho.

"Tena," akasema.