Nilimkazia mume wangu macho, nikakataa safari ya Kapolowe

Ni ule mwaka unga wa mahindi ulipotea hapa Likasi, tukala bukari, ugali wetu, ya mihogo mitupu asubuhi na jioni.

Wakuu, nawasalimu wote. Mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Wote wamenishinda shule, hakuna aliyenishinda mdomo. Haya niliyaona mwenyewe. Asiyeamini apite.

Mume wangu alifanya kazi ya tanuru za shaba, kule mtaa wa Panda. Moto ulimharibu macho. Kila asubuhi namtia dawa ya matone. Usipomkazia macho, tone linaangukia shavuni. Kwa hiyo macho yale nayajua kuliko sufuria zangu. Akiwa na hasira naona. Akidanganya naona.

Mwaka ule alianza kunyamaza. Nikadhani ni njaa, maana mihogo hajawahi kuipenda.

Siku moja akaniambia kwa upole, "Mama, nenda Kapolowe kwa dada yako, utafute mahindi. Kaa hata wiki mbili."

Huyu mzee nikilala nje siku moja ananuna mwezi. Lakini nilifurahi, nikafunga mfuko.

Kabla ya kutoka, nikamshika kidevu nimtie dawa. Siku zote hukunja uso na kunitukana: "Umetia pilipili, mchawi weye?" Siku hiyo hakukunja chochote. Aliniangalia kama mtu anayehama: vyombo vyote vimetoka, amebaki kutazama kuta.

Sikuachia kidevu.

"Unataka kujiua?"

"Mama, gari litakuacha."

"Nimekuuliza."

Dawa ikamshuka mashavuni, au machozi, sijui.

"Nimechoka kuwa mzigo. Weye nenda tu."

"Nimekataa. Minye nabaki, na weye unabaki."

Nikamwaga nguo zote kitandani. Nikampigia simu mwanetu mkubwa, tukampeleka kwa daktari siku ileile. Daktari akasema huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, una dawa zake, na asiachwe peke yake. Wamama wa kanisani walisema ni mapepo. Niliwaambia waje basi wakae naye kwa zamu, tusali tukiwa hapohapo. Wawili walikuja.

Amepona? Kuna siku anacheka, kuna siku namchungulia hata akiwa chooni.

Nilichojifunza: mtazame mtu wako mpaka mwisho, na ukiona kitu uliza neno lenyewe, usizungukezunguke. Nanyi mliowahi kuona kitu machoni mwa mwenzenu, andikeni mlifanya nini. Nasoma polepole lakini nasoma.

Maana juzi ameanza tena. "Mama, nenda Lubumbashi ukaone kitukuu. Minye niko muzima."

Nikamshika kidevu, nikatazama jicho la kuume, nikatazama la kushoto. Safari hii sikuwa na hakika.

Nikamwambia, "Nimekataa. Minye nabaki, na weye unabaki."