Gitaa la Besi Lililoniozesha kwa Shemeji Yangu

Nilijiozesha kwa shemeji yangu bila kujua, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima.

Kisa? Gitaa la besi.

Kwetu Zengeza, mume akifa, ukoo unasubiri kama mwaka hivi, kisha unakaa kugawa vitu vyake. Mjane anapewa fimbo ya marehemu amkabidhi mtu. Akimpa shemeji, kamkubali awe mume. Akimpa wifi, basi anabaki mwenyewe nyumbani kwake, analea wanawe, na hakuna wa kumsumbua.

Mimi nilishaamua zamani: wifi. Nilikuwa na mtoto mgongoni na masomo ya jioni. Mume mwingine wa nini?

Shida ni kwamba marehemu mume wangu, Tapfuma, hakuwa na fimbo. Alikuwa mpiga besi wa ule muziki wetu wa dansi tunaouita sungura. Wazee wakasema, basi, gitaa lake ndiyo fimbo.

Na alikuwa na magitaa mawili.

La kwanza jeusi, linang'aa, lilitoka Uingereza. La pili la bei chee, la mtumba, alilipaka rangi ya buluu iliyobaki tulipopaka mlango.

Kwangu mimi, gitaa la Tapfuma ni lile la buluu. Ndilo alilolala nalo, akaamka nalo. Sikuwaza kabisa kwamba kuna mtu angefikiri vingine.

Tangu tumzike nilikuwa na ganzi. Sikulia. Sadza, ugali wetu, nilitafuna kama karatasi. Siku hiyo ya kugawa, mashati yake yakapita mbele yangu mkekani, hata harufu yake sikuipata.

Batsirai, mdogo wa marehemu, alikuwa analimezea mate lile jeusi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "sasa wewe lile jeusi utalifanyia nini?"

Nikaona kweli, nitalifanyia nini. Nikalinyanyua, zito kama mfuko wa unga, nikamwekea mapajani.

Vigelegele!

"Kamchagua! Mama Anesu kamchagua Batsirai!"

Mama mkwe akainuka kucheza. Batsirai akabaki mdomo wazi.

"Jamani, nimempa gitaa tu!"

"Ndiyo fimbo hiyo, wifi." Huyo ni Sekesai, dada mkubwa wa Tapfuma, aliyekuwa anasimamia shughuli. "Wewe ulidhani fimbo ya mdogo wangu ni ipi? Kile kipande cha mlango?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ndiyo. Hicho hicho."

"Mtu wa majukwaa, fimbo yake iwe takataka?"

"Wifi," nikamjibu, "lile jeusi alipigia picha tu. Shingo nene, nyuzi ngumu, ziko juu. Alikuwa anasema akilishika anapiga kama mtu aliyevaa suti ya kuazima, muda wote anaogopa kulichubua. Hili la buluu ni jepesi, shingo yake inaenea kiganjani, nyuzi zimeshalainika. Lilipasuka, akaligundisha, akaendelea. Hakuliogopa."

"Maneno hayo. Haya, tuonyeshe."

Tapfuma alinifundisha wimbo mmoja tu, nikiwa na mimba ya Anesu. Mtu akachomeka waya kwenye spika.

Nikaanza na jeusi. Bega likashuka. Vidole havikufika. Zikatoka sauti safi kabisa, moja moja, kama mtu anayesoma majina ya watu asiowajua.

"Mpeni maji huyo!" mmoja akadakia.

Nikachukua la buluu.

Vidole vikaenda vyenyewe. Palipokuwa pamelika kwa kidole gumba chake, changu kikakaa hapo hapo. Ule ubao mwembamba ukatetemeka hadi mbavuni, na mgongoni Anesu akaanza kurusha miguu.

Ganzi haikuisha, nisiwadanganye. Ila mbavu zangu nilizisikia. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule.

Mama mkwe akakaa chini.

"Zimeni," akasema. "Huyo ni mwanangu." Kisha, "Hapana. Endelea, mama. Endelea."

Nilipomaliza, hakuna aliyecheka. Wifi Sekesai alijifuta uso na upindo wa kitenge.

"Tumekosea sisi. Fimbo ni hiyo. Sasa mpe unayemtaka."

Nikapiga magoti, nikamkabidhi yeye. Akalipokea, akapiga makofi ya heshima, kisha akanirudishia.

"Mimi nitalipigia nini na vidole hivi? Kaa nalo, mwenye nyumba."

Hapo nikamwona Batsirai anakuja, jasho linamtiririka. Nikajua leo kazi ipo.

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Shemeji, asante! Ungeniua! Nina mwanamke kule mtaa wa Budiriro, mjamzito, hapa nyumbani hawajui. Mimi nilitaka gitaa tu!"

Nikamtazama.

"Basi umelipata."

"Nimelipata, ndiyo." Akalihamishia bega la pili, uso umekunjamana. "Ila shemeji... hilo la buluu huliuzi?"

Sikucheka. Ila nilihisi kicheko kiko njiani, kinakuja taratibu.

Mwenzangu unayesoma hapa, chombo kizuri ni kile kisichokutia woga ukikishika. Bei ni ya muuzaji, mkono ni wako. Na kama wewe ni mjane, kabla hujamkabidhi shemeji kitu chochote, hata kiberiti, waulize kwanza wakwe zako wao wanakiita nini.